ULIZA DOKTA: Matege mengine hayataki kalsiamu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu jeni inayoitwa PTH1R na magonjwa ya mifupa ya kurithi, nikadhani nimemaliza, kumbe ndo nimeyaamsha. Meseji zimejaa, wengine wametuma mpaka picha za eksirei za watoto wao (jamani msitume picha za watoto kwenye inboksi ya gazeti, mpelekeeni daktari anayemwona mtoto mwenyewe). Nimechagua chache zinazobeba na za wenzao. Majina tumeyaficha wote.

Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miaka minne, niko Tanga. Mwanangu alichelewa kutembea na alipoanza miguu ikawa inapinda, anayumba, halafu harefuki. Zahanati wakasema ni matege wakampa kalsiamu na vitamini D, tukampa muda mrefu hakuna mabadiliko, badala yake akawa anatapika, choo kigumu, anakunywa maji na kukojoa usiku kucha. Sasa hivi hospitali kubwa wamepima damu wamekuta kalsiamu iko juu sana, wakasimamisha dawa zote, wakasema wanahisi ni ugonjwa wa Jansen, jeni ya PTH1R. Mimi na baba yake ni wazima na warefu. Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka ukoo wetu. Hii jeni ni kitu gani, na mwanangu atapona?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Tuanze na mama mkwe maana najua hilo ndo linakuuma kuliko hata jina la ugonjwa. Wagonjwa wengi wa Jansen walioandikwa duniani wamezaliwa na wazazi wazima kabisa, yaani badiliko la jeni limejitokeza jipya, kwenye yai au mbegu moja tu, halikuwepo kwako wala kwa baba yake wala kwa bibi yeyote wa pande zote mbili. Hakuna ukoo uliouleta. Kama daktari wako yuko tayari mwombe akae na mama mkwe dakika kumi amweleze yeye mwenyewe, maana kuna maneno mkwe hayapokei kutoka kwa mke wa mwanae ila akiyasikia kwa mtu mwenye koti jeupe anatulia.

Sasa hiyo jeni. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi vinne vidogo vinaitwa parathairoidi, kazi yao ni kulinda kalsiamu ya kwenye damu isishuke. Ikishuka vinamwaga homoni inaitwa PTH, ambayo inaenda kwenye mifupa kuchota kalsiamu, na inaenda kwenye figo kuziambia zisipoteze kalsiamu kwenye mkojo, zitupe fosfeti, na zitengeneze vitamini D ile iliyo tayari kufanya kazi ili utumbo nao unyonye kalsiamu zaidi ya chakula. Lakini homoni ikifika kwenye seli haiingii tu, inabonyeza kengele mlangoni, na aliye ndani akisikia ndo anaanza kazi. Hiyo kengele ndo kipokezi, na jeni ya PTH1R, iliyopo kwenye kromosomu ya 3, ndo maelekezo ya kuitengeneza: protini ya amino asidi 593 (amino asidi ni vipande vinavyounganishwa kujenga protini) inayopita ukuta wa seli mara saba, kichwa kikiwa nje kuipokea homoni na mkia ukiwa ndani.

Na kengele hiyohiyo ina mgeni mwingine anayeibonyeza, anaitwa PTHrP. Huyu alipatikana 1987, watu walikuwa wanamtafuta kwenye saratani zinazopandisha kalsiamu, na baadae ikaonekana kwamba kwa mtoto yeye kazi yake kubwa iko kwenye ncha za mifupa mirefu, pale penye gegedu ambapo mfupa unarefukia. Pale seli za gegedu zinazaliana, zinapangana mistari, zinavimba, zinakufa, halafu mfupa unachukua nafasi. PTHrP anazizuia zisikomae haraka, ziendelee kuzaliana kwanza. Akibonyeza kwa kiasi mtoto anarefuka vizuri.

Kwa mwenye Jansen kengele imekwama inalia yenyewe, hakuna mtu mlangoni. Badiliko linaloonekana zaidi linaitwa H223R, maana yake kwenye nafasi ya 223 ya hiyo protini palitakiwa kuwe na amino asidi ya histidini pamekaa arginini, herufi moja tu ya jeni imebadilika na kipokezi kizima kinabaki kimewaka. Wengine wana badiliko kwenye nafasi ya 410 au 458. Basi matokeo yake ukiyajua utaona kila kitu cha mwanao kinaeleweka: kwenye ncha za mifupa seli za gegedu zinacheleweshwa kukomaa kupita kiasi, mfupa unakuwa mfupi, ncha zinatanuka na kuvurugika, miguu inapinda. Kwenye mifupa mingine kalsiamu inachotwa mchana na usiku. Figo nazo zinadhani PTH imejaa wakati vile vitezi vinne vimenyamaza kabisa vikiona kalsiamu iko juu. Ndo maana ukipima unakuta kalsiamu juu, fosfeti chini, na PTH iko chini au haionekani kabisa. Na kukojoa sana, kiu, kutapika, choo kigumu, hayo yote ni kalsiamu.

Unaona sasa ile dawa ya kalsiamu na vitamini D ilikuwa inamwongezea nini. Simlaumu mtu wa zahanati kwa kuhisi matege, maana hata kwenye eksirei ncha za mifupa za Jansen kwa mtoto mdogo zinafanana sana na za matege, mabingwa wenyewe wamewahi kudanganyika. Ninacholalamikia, na nitakirudia mpaka mnichoke, ni kumpa mtoto dawa hizo miezi na miezi bila kupima kalsiamu ya damu hata mara moja, wakati ni kipimo cha kawaida tu.

Ugonjwa wenyewe uliandikwa mara ya kwanza 1934 na Murk Jansen, daktari wa mifupa wa Leiden kule Uholanzi, na chanzo chake kikajulikana 1995 na kina Schipani na Jüppner huko Boston. Ni adimu mno, kesi zilizoandikwa dunia nzima hazifiki mia, kwa hiyo usishangae daktari akakwambia hajawahi kumwona mwingine, hiyo haina maana kwamba hajui kazi.

Atapona? Sitakudanganya, dawa ya kuizima hiyo kengele bado haipo hospitalini. Ipo kwenye utafiti: kikundi cha Boston kimetengeneza kipande cha homoni kinachokaa kwenye kipokezi na kukinyamazisha badala ya kukiwasha, wamekijaribu kwa panya waliowekewa badiliko la H223R na mifupa ya panya ikawa na nafuu. Panya sio mtoto, lakini njia imeonekana. Kwa sasa kinachofanyika ni hivi: maji ya kutosha kila siku, hakuna kalsiamu wala vitamini D ya dukani bila daktari kusema, damu na mkojo vipimwe mara kwa mara, na figo zipigwe ultrasaundi kwa sababu kalsiamu inayopita kwenye mkojo kila siku inajikusanya kwenye figo na kuleta mawe, na figo ndo zinazoamua maisha ya mgonjwa wa Jansen kuliko hata miguu. Kuna wanaopewa dawa za kundi la bisfosfoneti kupunguza mifupa kuchotwa. Miguu hunyooshwa kwa upasuaji, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa vile mtoto bado anakua, na hapo unahitaji mabingwa, MOI pale Muhimbili au KCMC Moshi. Wengi wanafika utu uzima, wafupi, akili zao ziko sawasawa, wanasoma, wanafanya kazi. Kwenye ule umri mdogo kalsiamu ndo inasumbua zaidi, kadri wanavyokua huwa inapungua makali.

Mkitaka mtoto mwingine, uwezekano wa kurudia ni mdogo lakini sio sifuri, kwa sababu mara chache mzazi anaweza kuwa na badiliko hilo kwenye baadhi ya mayai au mbegu zake tu bila yeye kuumwa. Mwanao mwenyewe akiwa mkubwa na akataka kuzaa, kila mtoto wake atakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Hilo ni la baadae sana, lakini liwekwe kwenye faili.

Dokta mbona unatutisha, huku kwetu Arusha watoto wenye miguu ya kupinda wamejaa, ina maana wote wana hiyo jeni?

Hapana hapana. Nikikutana na watoto mia wenye miguu ya kupinda sitegemei kumkuta hata mmoja wa Jansen. Kwanza mtoto wa chini ya miaka miwili miguu kupinda kidogo ni kawaida inajinyoosha yenyewe. Halafu kuna matege yenyewe, ya kukosa vitamini D kwa watoto wanaofungiwa ndani au wanaofunikwa muda wote, au ya kukosa kalsiamu kwenye chakula hata kama jua lipo, Nigeria walilionyesha hilo vizuri miaka ya 1990, watoto wanaocheza juani kutwa wanaumwa kwa sababu chakula ni uji na ugali mtupu, na wakipewa kalsiamu wanapona. Hao kalsiamu ni dawa yao kweli.

Na kwako Arusha kuna la kwako peke yako, floridi. Maji ya kuzunguka Mlima Meru, kule Maji ya Chai na jirani zake, yana floridi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO wameweka kama mwisho, ndo maana meno yanakuwa ya kahawia, na kwa wengine inaingia mpaka kwenye mifupa ikapinda. Na magadi mnayotia kwenye maharage na makande nayo yanaongeza. Hiyo haihusiani na jeni hata kidogo, ni maji na chakula.

Kwa daktari anayesoma hapa, kutofautisha kwa damu sio kazi. Matege ya lishe: kalsiamu chini au kawaida, fosfeti chini, ALP (kimeng'enya cha damu kinachopanda mifupa ikisumbuka) juu, na PTH JUU. Jansen: kalsiamu juu, fosfeti chini, ALP juu, PTH CHINI. Kuna na yale matege ya kurithi ya fosfeti, jeni ya PHEX, hayo kalsiamu ni kawaida na fosfeti ndo iko chini, hata ukimpa vitamini D ya kawaida haisogei. Kama hospitali yako haina PTH pima basi hata kalsiamu, fosfeti na ALP, ukikuta kalsiamu juu kwa mtoto unayedhani ana matege simama hapohapo, funga chupa ya vitamini, andika rufaa.

Assalaam alaykum dokta. Mimi ni Mzanzibari niko Maskati, mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Tumepoteza watoto wawili, wa kwanza alizaliwa amekufa, wa pili aliishi saa chache, wote mikono na miguu mifupi sana na maji ya uzazi yalikuwa mengi. Mara ya pili wakapiga picha na kupima jeni, ripoti imeandikwa Blomstrand, PTH1R. Watu wanasema ni kwa sababu ya kuoana ndugu, wengine wanasema nimefanyiwa. Bado nataka mtoto.

Waalaykum salaam dada yangu, Mungu akupe subira, na watoto wako wawili awajaalie huko walipo.

Hukufanyiwa, wala hukula kitu, wala hukubeba kitu kizito. Blomstrand ni kinyume cha ule wa Jansen nilioueleza juu, hapa kengele imekufa. Homoni inakuja, inabonyeza, ndani kimya. Seli za gegedu hazina wa kuzizuia, zinakimbilia kukomaa mapema mno mtoto akiwa bado tumboni, gegedu inageuka mfupa kabla haijarefuka, ndo maana viungo vinakuwa vifupi mno na ukipiga picha mifupa inaonekana mizito na iliyokomaa kuliko umri wa mimba. Kifua nacho kinakuwa kidogo, mapafu hayapati nafasi. Hakuna hospitali popote, sio Maskati sio London, ingeweza kuwaokoa wale watoto, nalisema hili ili usikae usiku unawaza tungewahi, tungeenda kwingine.

Ugonjwa uliandikwa 1985 na daktari Blomstrand na wenzake, na 1998 vikundi zaidi ya kimoja vikaonyesha kwamba chanzo ni PTH1R zote mbili kuharibika. Maana kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama moja ya baba. Wewe una moja nzima na moja mbovu, mume wako vilevile, na kwenu nyie nakala moja nzima inatosha. Mtoto akichukua mbovu kwako na mbovu kwa baba yake ndo inakuwa Blomstrand. Kwa kila mimba uwezekano ni asilimia 25, na asilimia 75 ni mtoto asiyekuwa na ugonjwa huo. Na ile mimba ya tatu haijui kilichotokea kwa mbili za mwanzo, usipige hesabu kwamba "tumeshalipa".

Kuhusu kuoana ndugu nitasema ukweli wangu. Watoto wa ndugu, wa ami au wa mjomba, kwa wastani wanachangia sehemu moja ya nane ya jeni zao kutoka kwa babu na bibi, kwa hiyo jeni mbovu ya babu mmoja ina njia rahisi ya kukutana na pacha wake, na kesi nyingi za Blomstrand zilizoandikwa zimetoka kwenye ndoa za namna hiyo. Lakini ndoa nyingi za mabinamu zinazaa watoto wazima, mnazo mifano mingi hapohapo kwenu. Sasa hivi mkishaoana na mnapendana hilo neno la "kwa sababu ya kuoana ndugu" halikusaidii kitu, linakuchoma tu. Linawasaidia wadogo zenu ambao bado, hao wapime kabla.

Kitu chako cha maana kuliko vyote ni ile ripoti. Kwa sababu badiliko lenu limeshajulikana kwa jina na nafasi yake, mimba ijayo inaweza kupimwa mapema, kuanzia wiki ya 10 au 11 hivi wanachukua kipande kidogo cha kondo la nyuma wanaangalia badiliko hilohilo. Pia kuna njia ya kupandikiza, mayai yanarutubishwa maabara, viinitete vinapimwa, na kinachokutwa hakina ugonjwa ndo kinarudishwa tumboni, ni ghali. Ultrasaundi peke yake inaonyesha viungo vifupi lakini inachelewa. Jibu likitoka baya nini kifanyike, hilo ni lako na mume wako na sheikh mnayemwamini, mimi siingii. Ila omba ukutane na mshauri wa masuala ya jeni KABLA ya kushika mimba, sio baada.

Mambo dokta, nasoma udaktari mwaka wa tatu Mwanza. Jeni moja inaletaje magonjwa tofauti hivi? Na nani aligundua?

Poa sana. Kifupi: usiulize "jeni gani" tu, uliza imeharibika VIPI. Kipokezi chenyewe walikipata kina Jüppner na Segre Boston 1991, wakianzia kwenye seli za figo za opossum, mnyama mdogo wa Marekani mwenye mfuko wa kubebea watoto, ndo wakaja kupata cha binadamu. Halafu 1996 likaja jambo ambalo kwangu mimi ndo tamu kuliko yote: kina Lanske na kina Vortkamp wakaonyesha kwamba PTHrP hafanyi kazi peke yake, kuna protini nyingine inaitwa Indian hedgehog inayotolewa na seli za gegedu zinazoanza kukomaa, nayo inaagiza PTHrP zaidi ili seli za nyuma zisikimbie, na PTHrP akishazizuia basi zinazotoa hiyo Indian hedgehog nazo zinapungua, wanapimana hivyo mpaka unabalehe. Ukiielewa hiyo, Jansen na Blomstrand huhitaji kukariri.

Sasa jikune kichwa na hii: kuna ugonjwa mwingine, Eiken, ulioandikwa 1984, na 2005 ukakutwa nao ni PTH1R, nakala zote mbili, kwenye familia moja protini imekatwa mkia kuanzia nafasi ya 485. Ungetegemea iwe kama Blomstrand, kumbe watoto wanaishi na mifupa yao INACHELEWA kukomaa. Kipokezi hiki kina njia zaidi ya moja za kupeleka ujumbe ndani ya seli, ile ya cAMP na ile ya fosfolipezi C, na mkia una kazi yake humo, kwa hiyo kuharibika upande mmoja sio sawa na kufa chote. Mtihani ukija usiandike tu "loss of function", yaani kazi imepotea, ukaondoka.

Dokta, mama yangu ana miaka 71 mifupa imeisha, kavunjika uti wa mgongo. Dada yangu aliyeko Marekani anasema kuna sindano ya homoni ya PTH inajenga mifupa. Lakini wewe umesema PTH inachota kalsiamu kwenye mifupa! Tuamini lipi?

Yote mawili, na ndo uzuri wa hiki kipokezi. PTH ikiwa juu muda wote, masaa 24, mifupa inaliwa. Ikija kwa mshtuko mfupi mara moja kwa siku halafu ikaondoka, seli zinazojenga mfupa zinaamka kabla zinazobomoa hazijaitwa, na mfupa unaongezeka. Sindano anayoisema dada yako inaitwa teriparatide, ni amino asidi 34 za mwanzo kati ya 84 za PTH nzima, Marekani waliiruhusu 2002, mikrogramu 20 chini ya ngozi kila siku. 2017 ikaja ndugu yake abaloparatide, hii imefuata zaidi umbo la PTHrP.

Mwanzoni ilikuwa na onyo kali kwa sababu panya waliopewa dozi kubwa muda mrefu walipata saratani ya mfupa, kwa binadamu miaka ikapita haikuonekana hivyo, 2020 Marekani wakaliondoa lile onyo kali. Bado haipewi mtoto ambaye mifupa inakua, wala mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kwenye mifupa, wala mwenye kalsiamu juu. Ikimalizika lazima afuatishwe na dawa nyingine ya kushikilia, vinginevyo mfupa uliojengwa unapotea. Na ni ghali, tena inataka friji, kwa hiyo kabla dada yako hajatuma hela muulizeni daktari wa mama kuhusu bisfosfoneti, hizo ni za bei ya kawaida na kwa wazee wengi zinatosha. Yeye kwa vile ameshavunjika uti wa mgongo kuiulizia sindano sio kosa.

Niaje daktari, niko Nairobi, nina miaka 24. Magego yangu ya nyuma hayajawahi toka vizuri, yako nusu ndani ya fizi, nikiuma mbele meno yanashikana lakini nyuma kuna nafasi kubwa, siwezi tafuna nyama. Niliwekwa waya za meno miaka mingi, magego hayakusonga, badala yake meno mazuri ya jirani ndo yalivutwa chini. Baba ana shida hiyohiyo, na sasa dada yangu ana mtoto wa miaka mitano. Nimeona jina la hiyo jeni yako kwa mtandao nikashtuka.

Niaje kijana, umeshtuka mahali pake. Kuna hali inaitwa kwa kirefu kushindwa kwa meno kuota, meno yapo, hayajazuiwa na kitu, njia imefunguka, ila hayapandi. 2008 kina Decker walionyesha kwamba kwenye familia kadhaa chanzo ni PTH1R, nakala moja imeharibika, na nakala moja nzima ambayo inatosha kwa mifupa ya mwili haitoshi kwa meno kutoka. Kwa hiyo usiogope, hii sio Jansen wala Blomstrand, urefu wako na figo zako ziko salama. Dalili zake ni kama ulizoandika: magego ya nyuma ndo yanayoanza, likiathirika la kwanza mara nyingi yaliyo nyuma yake nayo yanafuata, kunabaki uwazi pembeni mtu akiuma, na kwenye familia tatizo linapita kutoka mzazi kwenda kwa mtoto kwa nusu kwa nusu.

Na waya ndo kosa kubwa. Jino la namna hii ukilivuta kwa waya linagandana na mfupa wa taya, linakataa kabisa, halafu nguvu ile inahamia kwa majirani, inawavuta wao. Ndo kilichokupata. Sisemi daktari wako alikuwa mbaya, wengi hawafundishwi, lakini mtu akikuta gego haliji na hakuna kilicholizuia, na baba ana hivyohivyo, kipimo cha jeni kinafanyika kabla ya waya, sio baada ya miaka ya waya.

Kwako sasa, kwa vile umeshaacha kukua, kuna njia: kujengea jino kwa juu ili lifikie lenzake kama limetoka kiasi cha kutosha, kung'oa yaliyokwama na kuweka ya kupandikiza, au upasuaji wa kukata kipande cha mfupa wa taya pamoja na meno yake na kukisogeza. Ipi inakufaa inategemea picha, tafuta daktari wa upasuaji wa taya na wa meno bandia wakae meza moja. Sampuli ya damu ya baba na yako zikienda pamoja jibu linakuwa na nguvu zaidi.

Mtoto wa dada, miaka mitano bado. Gego la kwanza la ukubwani huja karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya yale ya utoto. Likichelewa kupita miaka saba na nusu hivi apigwe ile picha pana ya taya zote mbili, na yeyote atakayetaka kumfunga waya huyo mtoto aonyeshwe kwanza mdomo wako na wa babu yake.